Haina Paswadi

Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kompyuta ya mapokezi, chini kidogo ya kalenda ya kanisa. Mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene ya bluu, Tumaini123, na mwingine, mwenye huruma kuliko mwenzake, akaongeza chini yake: "T peke yake ndiyo kubwa." Hiyo ndiyo iliyokuwa paswadi ya hifadhidata nzima ya zahanati. Kila mgonjwa aliyewahi kupimwa pale mtaani Dandora, Nairobi, jina lake, simu yake, ugonjwa wake na dawa zake, vyote vilikuwa nyuma ya neno lile, na neno lenyewe lilikuwa mbele ya benchi la wagonjwa.

Nilisimama nikalitazama mpaka karani wa mapokezi akadhani sijui kusoma.

"Karibu binti," akasema. Alikuwa mzee wa Pumwani, kofia safi, Kiswahili cha kustarehesha masikio, na moyo wa kumpa mtu yeyote chochote alicho nacho. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. "Paswadi ni hiyo hapo juu. Ukiisahau niite tu, mimi nimeihifadhi kichwani."

Alikuwa ameihifadhi kweli. Asubuhi ileile msichana wa maabara alikwama, naye akampazia sauti kutoka mapokezi, koridoni kote: "Tumaini! T kubwa! Moja mbili tatu!" Wagonjwa walicheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamrudia yule msichana, ambaye hakusikia vizuri, "Anasema moja mbili tatu," kwa ile sauti ya mtu anayesaidia jirani.

Vitabuni inaitwa nywila. Nitaiita paswadi, kama walivyoiita wao, kwa sababu neno hilo ndilo lililoniponza.

Mimi ni mwandishi wa programu. Nilikuwa nimeitwa kwa kazi ndogo tu: kutengeneza programu ya kuwatumia wagonjwa ujumbe wa simu, kuwakumbusha siku ya kurudi kliniki. Ili ifanye kazi hiyo, programu lazima iingie kwenye hifadhidata isome miadi. Mtangulizi wangu, ambaye alishaenda zake na simu hashiki, alikuwa amekwisha kuandika sehemu yake. Nikaifungua. Paswadi ileile ilikuwa mle ndani, wazi kabisa, kwenye faili la mipangilio. Faili hilo lilikuwa limenakiliwa kwenye kompyuta ya maabara, kwenye ya chumba cha dawa, kwenye flashi ya karani, na kwenye kundi la simu la wafanyakazi, na mtu ameandika chini yake, "Tusiipoteze jamani."

Nilikasirika, lakini ilikuwa hasira ya kazi, ile ya fundi anayekuta waya za stima zimefungwa kwa mfuko wa nailoni. Huwa inapita baada ya chai.

Iliyofuata haikupita. Nilikuwa nikijaribu kama programu yangu inasoma tarehe sawasawa. Unaandika ombi fupi, hifadhidata inakujibu kwa mistari michache, unaona kama kila kitu kiko mahali pake. Mistari ikaja kwenye kioo cha kompyuta. Katikati yake kulikuwa na majina matatu ya mtu ninayemjua, yamefuatana kama yalivyo kwenye kitambulisho chake.

Sitayataja. Mimi humwita Anti, ingawa hatuna undugu wa damu. Mlango wake unatazamana na wetu kule Maringo nilikozaliwa. Mama alipokuwa kazini, Anti ndiye aliyenilisha, akanisuka, akanichapa nilipostahili na mara nyingine niliposingiziwa. Ana kibanda soko la Kariokor, anashona mikanda ya ngozi na viatu vya akala, vile vya tairi kuukuu. Na sasa kioo kilikuwa kinaniambia kwamba anavuka mitaa yote ile mpaka Dandora kuchukua dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi.

Nilielewa mara moja kwa nini Dandora. Watu wetu hawachukui dawa hizo karibu na kwao. Wa Maringo huenda Dandora, wa Dandora huenda kwingine, ili kwenye benchi pasiwe na mtu wa kukuuliza habari za nyumbani. Wanawe hawakujua. Mama yangu, rafiki yake wa miaka yote, hakujua. Angejua mtu mmoja pale Maringo, hata majirani wa nyuma wangejua. Anti alikuwa ameilinda siri hiyo kwa nauli, kwa visingizio, kwa kusema anaenda kutafuta ngozi ya bei nafuu. Halafu zahanati ikachukua ufunguo wa siri hiyo na kuubandika ukutani.

Nikafunga kioo. Tangu siku hiyo sikuwa nikipigania utaratibu mzuri wa kazi. Nilikuwa nikimpigania Anti, na sikuweza kumwambia mtu.

Nilienda kwa Matroni, muuguzi aliyekuwa akiongoza zahanati. Alikuwa mchapakazi, mkali, mwenye imani kubwa kwa watu wake. Nikamwambia paswadi lazima iondoke ukutani, na lazima iondoke ndani ya programu pia.

"Wewe msichana," akasema, "hapa sisi ni family. Nani ataiba?"

"Si lazima mtu aibe, Matroni. Mtu anaweza kusoma tu."

"Asome apeleke wapi? Ukianza kuficha ficha vitu, watu wataniuliza ni nani tunashuku. Na nitawajibu nini?"

Nilijua anakotoka, maana nimekulia hukohuko. Kwetu ukitoka, ufunguo unauacha kwa jirani. Mtoto akirudi shule anajua aulize wapi. Ukianza kuondoka na ufunguo mfukoni, jirani atajiuliza tangu lini umemwona yeye ni mwizi. Ni desturi nzuri na imelea wengi wetu. Lakini ufunguo wa nyumba yangu unafungua nyumba yangu. Ule wa ukutani ulifungua nyumba za watu wasiojua hata kama wana mlango pale.

Matroni alinikubalia mwishowe, kwa sababu nilikuwa msumbufu kuliko yeye.

Nikaanza kazi, na kazi ikaanza kunionyesha mambo. Kwanza niliitoa paswadi ndani ya faili nikaiweka kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, mahali pasipoonekana kirahisi. Nilijidanganya kwa siku kadhaa. Yeyote anayeijua mashine angeiona palepale. Nilikuwa nimeitoa sebuleni nikaiweka chumbani. Nikajaribu hifadhi maalumu ya siri, ile inayofungia paswadi ndani yake na kuzigawa kwa programu zinazostahili. Nzuri sana. Ila hifadhi hiyo nayo ilitaka paswadi ya kuifungua. Basi hiyo ya pili tuiweke wapi?

"Si tumwachie mama wa chai pale getini," karani akapendekeza. "Funguo zote za zahanati ziko kwake. Hajawahi kupoteza hata mmoja."

Hakuwa anatania. Nilitoka nje nikazunguka jengo mara moja ndipo nikarudi kumjibu.

Njia iliyobaki ilikuwa ile ambayo programu haina neno lolote la kukumbuka. Programu inakaa kwenye kompyuta ndogo katika ofisi ya Matroni. Ndani ya kompyuta hiyo kuna chipu, na ndani ya chipu kuna ufunguo ambao hata mimi siwezi kuutoa wala kuunakili. Programu ikitaka kuingia, inaandika ombi, chipu inalitia sahihi, na huko kwenye mtandao, sahihi ikishakaguliwa, inapewa kibali cha muda mfupi. Inaenda na kibali hicho kwenye hifadhidata, inafunguliwa. Muda ukiisha, kibali ni takataka, na programu inaomba kingine. Hakuna mtu anayekiandika, hakuna anayekisikia, hakuna wa kukipaza koridoni. Wafanyakazi nao wangeingia kwa alama ya kidole, kila mmoja na chake, na kila mmoja angeona tu kinachohusu kazi yake. Wa chumba cha dawa angeona dawa. Karani angeona nani ana miadi leo, bila kuona anaumwa nini.

Nikaipanga, nikaijaribu, ikakubali. Nikaenda nyumbani nikalala usingizi wa mtoto. Kesho yake ikakataa. Kibali si halali, ikasema. Nikarudia kila kitu, ikasema kibali si halali. Nikafuta, nikaandika upya, nikasoma maelezo ya wataalamu mpaka macho yakauma. Kibali si halali. Nilimfokea dada yangu kwenye simu kwa kosa la kuniuliza kama nimekula.

Kumbe stima ilikuwa imepotea Dandora jioni ile, na betri ndogo inayotunza saa ya ile kompyuta ilikuwa imekufa zamani. Ilipowaka asubuhi iliuliza ni saa ngapi. Karani akanipigia kwa adabu zake zote.

"Binti, mashine inauliza saa. Niandike ngapi?"

Nilikuwa napiga mswaki. "Saa mbili na nusu," nikamwambia.

Akaandika 2:30.

Mimi nilisema Kiswahili, naye akaandika Kiswahili. Mashine ikaamini ni usiku wa manane, na kila ombi lililotoka kwake likaonekana limeandikwa saa sita zilizopita, limeshachacha kabla ya kufika. Nilipogundua nilimwita karani nikamwonyesha. Akaitazama kompyuta, akaitazama saa yake ya mkononi.

"Kwani saa mbili si saa mbili?" akauliza.

Nilicheka, kwa sababu nisingecheka ningelia. Nikaipanga mashine ichukue saa yake kwenye mtandao isimuulize tena binadamu. Nikalichukua jambo lile kama kichekesho cha kusimulia marafiki. Ningekuwa na akili timamu, ningeanza hapo kuchunga maneno yangu.

Siku ilipokubali na kuendelea kukubali, nilipanda juu ya kiti nikaibandua ile karatasi mwenyewe. Nikaifuta akaunti ya zamani. Tumaini123 haikufungua tena chochote, popote. Matroni akawakusanya wafanyakazi, nami nikasimama mbele yao nimevimba kichwa.

"Kuanzia leo," nikatangaza, "hifadhidata yetu haina paswadi."

Wakapiga makofi. Karani, ambaye hakupenda mtu akose habari njema, akatoka nayo moja kwa moja hadi kwenye benchi. Nilimsikia. "Mabibi na mabwana, yale mambo ya kupiga kelele za paswadi yamekwisha. Siku hizi mashine zetu hazina paswadi!" Wagonjwa wakaitikia vizuri. Nami niliridhika kabisa.

Msomaji wa Nairobi amekwisha kuona nilichofanya. Kwetu, kitu kisicho na paswadi ni kitu cha wote. Ukienda kula nyama choma soko la Burma, ukatoa simu ukauliza paswadi ya mtandao wa pale, kijana wa choma atakujibu, "Haina paswadi, ingia tu." Hiyo ndiyo maana ya neno hilo katika mji huu, na mimi niliyezaliwa katika mji huu, niliyeshika simu yangu nikaingia tu mara ngapi sijui, nilisimama mbele ya watu nikalitamka kama mgeni. Kichwani mwangu haina paswadi ilimaanisha hakuna ufunguo wa kuibwa. Kwenye benchi ilimaanisha mlango hauna kufuli.

Habari ilinifikia kupitia kwa mama yangu. Nilikuwa nimeenda kumwona Jumapili baada ya kanisa, ananimiminia chai.

"Hiyo zahanati yako ya Dandora," akasema, "nasikia kompyuta zao ati hazina paswadi. Mtu yeyote anaingia tu anasoma watu. Ni ukweli?"

"Nani amesema?"

"Ilikuwa kwa chama jana, tukichangiana pesa. Mmoja wetu ako na shemeji Dandora. Tukasema, aki sasa hawa wagonjwa wa watu! Mtu akae ajue yako yote?" Akasukuma kikombe kwangu. "Mimi nikasema msichana wangu anafanya huko, nitamuuliza. Hata Anti yako alikuwa hapo. Yeye hakusema kitu. Alikuwa anaumwa na kichwa, akaenda mapema."

Nikamweleza mama kwamba si hivyo, kwamba sasa ndiyo imefungwa kuliko zamani, kwamba haina paswadi kwa sababu haihitaji.

"Sasa kama haina, imefungwa na nini?" mama akauliza.

Nikaeleza kibali. Nikaeleza chipu. Alinisikiliza kwa upendo wote wa mzazi, na nikaona yote yanaingia sikio moja na kutokea la pili. "Sawa," akasema. "Lakini wangeweka tu paswadi."

Wiki hiyo benchi la Dandora lilianza kupungua watu. Si la wenye homa wala la watoto wa chanjo. Hao walikuja kama kawaida. Lililopungua ni lile la ndani, la watu wa dawa za kila siku. Matroni aliniita ofisini, mlango akaufunga kwa kisigino.

"Hawa watu wakikosa dawa wanarudi nyuma," akasema. "Unajua kurudi nyuma ni nini? Dawa inaacha kuwasaidia. Mimi nimewatoa mbali hawa watu. Rudisha paswadi."

"Matroni, kurudisha ni kuwaweka wazi tena."

"Wakiwa wazi walikuwa wanakuja!"

Alikuwa na haki ya kufoka, nami nilikuwa na haki ya kukataa, na wagonjwa walikuwa wamebaki majumbani kwao.

Nilichotaka kujua kilikuwa kimoja: Anti amekuja au hajaja? Siku niliyoona majina yake niliona pia tarehe yake ya kurudi, na tarehe hiyo ilikuwa imefika. Nikakaa mbele ya kompyuta, vidole vikaenda vyenyewe kuandika lile ombi fupi. Hifadhidata ikanikataa. Niliweka kidole changu; ikanionyesha kwamba programu inafanya kazi vizuri na ujumbe umetumwa. Ujumbe wa nani, haikusema. Mimi ni fundi, na fundi hahitaji majina. Kanuni hiyo niliiandika mimi, na kuibadilisha kunahitaji kidole cha Matroni pia. Kumuuliza Matroni ningelazimika kumtajia jina, na kumtajia jina ni kumwambia kwamba najua. Nilikaa pale nikiitukana mashine kwa sauti ya chini, mashine iliyokuwa ikifanya hasa nilichoiamuru.

Tukabandika tangazo getini, nililoandika kwa Kiswahili sanifu, kwamba kumbukumbu za wagonjwa zinalindwa kwa njia ya kisasa. Hakuna aliyeamini. Tangazo la kusema hatuibi huwafanya watu washike mifuko.

Aliyeokoa benchi ni karani, na nilitamani kumnyonga. Nilifika asubuhi moja nikakuta karatasi mpya ukutani, palepale pa zamani, kalamu ileile ya bluu: PASWADI IPO. NI SIRI. USIULIZE.

"Lakini haipo!" nikamwambia.

"Najua, binti. Na wao hawaulizi."

Ikafanya kazi. Vibali vyote vile, chipu, sahihi, usiku ulionikondesha, havikumrudisha mgonjwa hata mmoja. Uongo wa kalamu nene uliwarudisha. Niliona benchi la ndani likianza kujaa tena, watu wakiitazama ile karatasi wakishusha pumzi. Matroni alinitazama kama mtu aliyethibitisha jambo. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na hasira kubwa zaidi ilikuwa kwamba sikuwa na njia ya kumfikishia Anti hata uongo huo. Karatasi iko Dandora. Anayeogopa Dandora hawezi kuiona.

Basi nikaenda Kariokor.

Alikuwa ameketi kibandani, mkanda ameulaza kwenye kigogo, anautoboa matundu kwa nyundo na chuma. Alifurahi kuniona. Alinifutia stuli kwa khanga, akanipa soda niliyoikataa akanilazimisha. Alikuwa amekonda, au mimi ndiye niliyetaka kuona amekonda. Nikauliza biashara, nikauliza wanawe. Nikazunguka kote huko.

"Anti," hatimaye nikasema, "ile story mliongea kwa chama, ya Dandora."

Nyundo ikaendelea. "Ile ya kompyuta?"

"Ile. Si ukweli. Nilisema vibaya, watu wakasikia vibaya. Saa hii imefungwa kabisa. Hakuna mtu anaweza kuingia asome majina ya watu. Hata mimi niliyeitengeneza siwezi. Nimejaribu, imenikataa."

"Hata wewe?"

"Hata mimi, Anti. Nakuapia."

Alipiga tundu moja zaidi. Akapuliza vumbi la ngozi. Halafu akaiweka nyundo chini, polepole, akanitazama usoni.

"Hiyo ni poa, mami," akasema. "Na mbona unaniambia mimi?"

Nilikuwa nimejiandaa na maelezo yote. Njia nzima nilikuwa nimeyapunguza, nimeyarahisisha, nimetafuta maneno ambayo hayawezi kusikika vingine. Swali hilo halikunipitia kichwani hata mara moja. Hata jibu la uongo lisingefaa; alikuwa amekwisha kuliona lile la kweli usoni mwangu. Ananijua tangu sijaota meno.

"Ulisoma lini?" akauliza.

"Kitambo. Wakati paswadi ilikuwa kwa ukuta. Sikuwa nakutafuta, Anti, haki. Nilikuwa najaribu mashine."

"Mama yako?"

"Hajui. Hakuna mtu anajua."

"Wewe unajua."

Mteja mmoja alisimama mbele ya kibanda akashika mkanda, akauliza bei. Anti akamjibu kwa sauti yake ya kawaida, akamcheka kidogo alipoomba apunguziwe. Mteja akaenda. Nilikuwa bado nimeshika chupa ya soda, imejaa.

"Unajua kwa nini nilikuwa napenda kukuja kwenu jioni?" akasema. "Kwangu watoto wananiangalia wanaona pesa. Kanisani, sijui wanaona nini. Dandora wanaona ugonjwa. Kwenu nilikuwa naingia, wewe na mamako mnaniangalia mnaona tu Anti. Sasa nikiingia, wewe utaona nini?"

"Nitaona Anti."

"Usinidanganye. Tangu ukae hapo umeniangalia mikono, umeniangalia shingo. Unaangalia kama nimekonda."

Nililia hapohapo mbele ya watu wa Kariokor. Yeye hakulia. Alinipa kona ya khanga nijifute, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, lakini hakunifuta yeye.

"Dawa siwezi acha," akasema, akishika tena nyundo. "Mimi si mjinga. Zikiisha nitaenda. Kama ni Dandora, kama ni kwingine, nitajua mwenyewe. Lakini wewe, mami, usikuje kwangu kwanza. Nitakuita."

Nikasema sawa. Nikaimwaga soda kwenye mtaro, nikarudisha chupa, nikaenda.

Hajaniita. Mama anasema Anti siku hizi ana kazi nyingi, hata chai ya jioni haji. Anashangaa kidogo, halafu anaongea mengine. Matroni anasema benchi la ndani limejaa kama zamani, na sauti yake inaonyesha amenisamehe. Kila asubuhi programu yangu inaomba kibali, inapewa, inaingia, inatuma ujumbe, na mimi nikiweka kidole inaniambia kila kitu kiko sawa. Kama Anti alirudi kuchukua dawa, mle ndani imeandikwa, na tarehe yake, na idadi ya vidonge. Nimefikiria kila njia ya kuangalia na hakuna. Niliifunga vizuri.